Upande Ambao Rada Haioni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimekabidhiwa ramani. Si ya ukutani – ile inayoonekana nyuma ya mtangazaji wa hali ya hewa kila jioni. Fundi aliyekuwa akiishughulikia amehamia kituo kingine cha televisheni. Ameniachia kiti kinacholia kama paka na nywila iliyobandikwa chini ya kibodi. Maelezo hakuacha. Nilidhani ningekuwa msaidizi wake mwaka mzima, nikijifunza polepole. Sasa msaidizi ndiye mwenyewe.

Na programu yenyewe mpya, imewekwa juzi. Picha za rada zinatoka idara ya hali ya hewa, zinaingia kwetu zikiwa uchi, mimi ndiye wa kuzivika. Mipaka, mito, barabara, majina ya miji, rangi za mvua. Kijani, mvua ndogo. Njano, ya wastani. Nyekundu, ingia ndani.

Mkuu wa zamu hamkaripii mtu. Ana sauti ya chini, na hiyo ndiyo inayonitisha. Aliinama karibu na skrini yangu akasema ramani ikikwama hewani, nchi nzima inakwama na mimi. Kisha akaenda kuchukua chai yake.

Majaribio miezi mitatu. Wakiridhika wananiajiri. Kutwa nzima vidole baridi. Nilimwambia mtangazaji ni kiyoyozi. Huyu tunamwita Bi Jua, maana hata akitangaza mafuriko anatabasamu. Akatazama vidole vyangu, akatazama uso.

"Kiyoyozi kimeharibika tangu wiki iliyopita, mdogo wangu."

Jumatano, 6 Machi

Jina la mji mkubwa kuliko yote lilitokea katikati ya ziwa! Na tulikuwa karibu kwenda hewani. Nikalivuta, likarudi. Nikalivuta, likarudi. Kumbe nilikuwa nimelibandika kwenye tabaka la maziwa badala ya tabaka la miji. Bi Jua, huku anapakwa poda, akasema leo nimewazamisha watu wengi na hakuna aliyelia.

Nilipotulia nikajipa zawadi. Tangu nipate kazi hii Mama ananilalamikia kwamba mji wao haumo kwenye ramani ya mwanawe. Ni kweli haumo. Ni mji mdogo, na programu inaficha majina madogo ili ramani isijae. Nikaulazimisha. Herufi nyeupe, nyuma ya kilima kirefu, kando ya mto.

Mama anaishi huko kwa Dada tangu magoti yalipoanza kumgomea. Dada ni dobi, anafua mashuka ya nyumba za wageni na kuyaanika uwanja mzima. Simu yake iliingia kabla taarifa haijaisha. Mama ameita majirani waje waone jina. Wamesema kesho watakuja tena. Sasa bonde lote linatazama hali ya hewa.

Leo nimefurahi. Naandika, maana ni nadra.

Jumamosi, 9 Machi

Dada kapiga simu asubuhi, hakuna salamu.

"Ramani yako jana ilisema kweupe?"

Nikasema ndiyo.

"Basi njoo uyafue wewe. Uwanja mzima wa mashuka meupe. Mvua imeyapiga mpaka kamba ikakatika, yamelala kwenye tope kama walevi."

Nilicheka. Naye akacheka, lakini kidogo. Nikamwambia ni mvua ya kupita, hutokea.

Kazini nikarudisha nyuma picha za jana. Juu ya jina lao hakuna kitu. Hata ukijani. Nikazichezesha tena taratibu. Wingu linatoka magharibi, jekundu, nene. Linafika kilimani. Linafifia. Linaisha. Nikatazama za juzi. Linakuja, linafika kilimani, linaisha. Za wiki nzima, vivyo hivyo.

Mvua zote zinafia pale. Na kilima hakili mvua.

Sijamwambia mtu. Pengine nimekosea mimi kitu, kama lile jina ziwani.

Jumatatu, 11 Machi

Sikukosea mimi. Afadhali ningekosea.

Kwenye programu kuna jedwali la rangi, kila kiwango cha mvua na rangi yake. Sikuwahi kushuka mpaka chini kabisa. Leo nimeshuka. Kuna mistari miwili ya mwisho. Mmoja ni wa mahali pasipo na mvua. Mwingine ni wa mahali ambapo rada haikupata habari yoyote. Na yote miwili imewekwa ionekane sawa – haina rangi, inapitisha ramani tupu. Kwa hiyo mahali rada ilipotazama ikakuta pakavu, na mahali ambapo rada ni kipofu, mtazamaji anaona kitu kimoja. Kweupe. Anika mashuka.

Nikaupaka ule wa mwisho kijivu, kwenye kompyuta ya majaribio, haiendi hewani. Kikatokea. Kinaanzia kilimani, kinatanuka kama upepeo uliofunguliwa, mpaka mpakani. Miji, barabara, mto wote. Na katikati yake jina la kwa Dada, herufi nyeupe, nililoliweka mimi kwa mkono wangu, limependeza.

Nikampigia mhandisi wa rada kule idarani. Alikuwa anatafuna kitu.

"Ah, hiyo. Mwale unagonga kilima. Ukishagonga kilima hauendi mbele. Mbona inajulikana."

"Inajulikana na nani?"

"Na sisi."

"Na watu wanaokaa huko?"

Akaacha kutafuna. Akasema rada ya pili ipo kwenye mipango. Akasema nimsalimie Bi Jua.

Jumanne, 12 Machi

Nimemwonyesha mkuu wa zamu. Nilijiandaa tangu alfajiri, maneno yakanikauka mlangoni, nikaishia kugeuza skrini na kunyoosha kidole. Alielewa upesi, si mjinga.

"Ukimwonyesha mtazamaji mahali usipopajua," alisema, "ataacha kukuamini hata mahali unapopajua."

Nikasema lakini kweli ni kwamba hatupajui.

"Wewe hukujenga kilima. Mimi pia. Kijivu hakiendi hewani. Watu watadhani mitambo imekufa."

Baya ni kwamba niliona ana hoja. Nikatoka nimekuwa mdogo kama kisoda.

Bi Jua alinikuta kwenye ngazi. Nikamweleza. Akasema hilo dogo, atalitaja kwa mdomo kesho, sentensi moja tu, hakuna atakayekasirika.

Jioni nikampigia Dada, nikamwambia wazi. Usiiamini ramani yetu kwa upande wenu. Dada hakushangaa hata chembe. Alisema mashuka hayadanganyi, yeye alishajua. Lakini Mama alikuwa pembeni anasikiliza. Nikamsikia kwa nyuma.

"Nani huyo, Kifaranga? Ameanza tena?"

Hilo ndilo jina langu nyumbani. Nilikuwa naogopa radi, mbwa, ngazi, sabuni machoni. Dada akamwambia Mama kwamba mwenye ramani mwenyewe anasema ramani haioni huku. Mama akajibu kwamba Kifaranga wa kwenye simu anamjua tangu tumboni. Yeye atamsikiliza yule mama wa kwenye televisheni. Yule ni mtaalamu.

Dada alicheka mpaka akakohoa. Mimi nilishindwa.

Jumatano, 13 Machi

Mpira uliongezwa muda. Hali ya hewa ikakatwa ikabaki kiduchu. Bi Jua hakufika hata kwenye kilima. Aliniomba radhi kwa mkono, nyuma ya kioo; kesho si zamu yake.

Ijumaa, 15 Machi

Kule kwa Dada kuna daraja la chini, lile lisilo na kingo. Mvua ikinyesha juu, maji hupita juu yake, na kila mtu anajua usivuke. Lakini lazima ujue kwamba huko juu imenyesha.

Jana jioni mwenye duka wa mtaani kwao alitazama taarifa. Tukamwonyesha kweupe. Akapakia mzigo, akawasha gari. Maji yalimkuta katikati. Gari limelala chini ya daraja, magurudumu yanatazama juu. Yeye alikuwa juu ya tumbo la gari, akishikilia tairi la akiba. Watu walimrushia kamba za kuanikia za Dada, zilizofungwa pamoja. Ndizo zilizomtoa.

Mzima. Amevunjika mkono.

Dada alinieleza bila utani. Mwenye duka alipofunikwa blanketi alimuuliza kitu kimoja tu. Si mdogo wako alisema pakavu?

"Ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nimjibu nini, mdogo wangu? Nilimpa chai."

Nimekaa kitandani na viatu. Sikusema pakavu. Sikusema kitu. Na ndivyo ilivyo, hatusemi kitu na watu wanasikia pakavu.

Nilikwenda tena kwa mkuu wa zamu. Nikamweleza kuhusu gari. Uso wake ulibadilika, niliona. Aliniambia niandike kila kitu, atakipeleka juu, wakubwa wakae. Lini? Wiki ijayo, huenda. Akaniambia pia, kwa ile sauti, nisizungumze na magazeti.

Sikuwa hata nimefikiria magazeti. Sasa naogopa na magazeti.

Jumapili, 17 Machi

Nilienda kazini ingawa si zamu yangu. Nimeitayarisha ile ramani ya kijivu kamili, majina yasomeke vizuri juu yake, ukingo wake usipigane na mpaka. Kona ya chini nikaandika "Hapa rada haioni". Nimeihifadhi chini ya kitufe cha nane, ambacho hakitumiki.

Sina mpango nayo. Nimeitayarisha tu. Mtu akiogopa mvua hushona paa, mimi nimeshona kitufe.

Jumanne, 19 Machi

Naandika kwenye chumba cha kupakia poda. Mwandiko wa haraka, nitausoma mwenyewe kesho nikiweza.

Wingu liliingia magharibi mchana. Kufikia saa kumi lilikuwa jekundu lote, na katikati limefanya zambarau. Zambarau niliichagua mwenyewe siku ya kwanza, kwa ajili ya mvua kali kuliko zote, nikijua haitatumika. Imetumika. Nyuma ya jengo letu paa la karakana limeng'oka upande. Umeme ulikatika, jenereta ikashika.

Wingu likaelekea kilimani. Nilijua litakachofanya. Nilitazama kama mtu anayetazama glasi inaanguka mezani.

Taarifa fupi ya saa kumi na mbili. Bi Jua akaanza vizuri, akawaonya watu wa magharibi, akawaonya wa katikati. Nyuma yake wingu limegusa kilima. Likaanza kupungua. Zambarau ikaisha, nyekundu ikawa uzi. Akageuka akalitazama, akatabasamu kwa dhati, maskini, alichoka na siku hii hata kilima akakisahau.

"Na kama mnavyoona, kuelekea mashariki mvua inamalizika."

Nilibonyeza nane. Nilitumia mikono yote miwili, mmoja ukiushika mwingine.

Kijivu kikafunguka.

Kwenye kisikilizi sauti ya mkuu wa zamu, ya chini kabisa. "Nini hicho?"

Nilitazama ramani tu.

"Kitoe."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Sitajidai kwamba nilikataa. Sikukataa. Kidole hakikushuka, basi, kama si changu.

Bi Jua alikuwa ameona kwenye skrini yake ya pembeni. Tabasamu lilimtoka usoni, mara ya kwanza nione. Alinyamaza. Hewani, kimya ni kirefu kuliko mahali pengine popote. Kisha akasema, "Hapa kwenye rangi ya kijivu... hapa naomba mtusubiri. Tutawaeleza saa moja." Wakakata, yakaingia matangazo ya rangi za nyumba.

Nikavua kisikilizi, nikakaa nikisubiri kufukuzwa. Badala yake akaja dada wa mapokezi, anahema. Simu zote zinalia kwa pamoja. Watu wanataja miji yao, wanauliza kijivu ni mvua au si mvua. Awajibu nini?

Yangu nayo ikalia. Dada. Nyuma yake sauti kama ya lori linalomwaga mawe, haikomi. Maji yameingia uwanjani. Nguzo moja ya kamba imeondoka. Majirani wanapanda kwenda shuleni, ipo juu. Yeye amewavalisha watoto wake viatu.

"Na Mama?"

"Mama hataki. Alikuwa jikoni, kile cha saa kumi na mbili hakukiona. Anasema kituo chako mchana kilisema mashariki shwari. Anasubiri taarifa kubwa. Amekaa kwenye kiti chake na rimoti. Nimeita watu wambebe, anawachapa na mkongojo."

"Mpe simu."

Mama akashika. Sauti yake tulivu kabisa, kama ananiuliza nimekula nini.

"Mwanangu, acha kulia. Umeme upo, televisheni inawaka. Yule mama akisema tuondoke, tutaondoka."

"Mama, yule mama hajui. Mimi ndiye—"

"Wewe na woga wako," akasema kwa upole. Simu ikakata. Nimepiga tena na tena. Haipatikani.

Niligeuka, mkuu wa zamu yuko nyuma ya kiti changu. Sijui alisimama hapo tangu lini. Alivuta simu ya mezani, akampigia mhandisi wa rada, akaweka sauti nje. Safari hii mhandisi hatafuni. Alisema kipimo cha maji cha mto ule kilikuwa kinatuma namba mchana kutwa, kisha kikaacha.

"Kimeharibika?" mkuu akauliza.

"Ama kimeharibika, ama kimezama. Sina njia ya kujua. Sioni."

Mkuu akarudisha simu polepole. Akaweka kidole kwenye skrini yangu, juu ya kijivu, akakipitisha kando ya mto, mji kwa mji, midomo ikisoma majina.

"Saa moja utaeleza wewe," akasema.

Nikadhani nimesikia vibaya. "Bi Jua ndiye—"

"Akiulizwa swali la pili hana jibu. Wewe unalo."

"Mimi naogopa."

"Naona. Mimi pia. Nenda ukapakwe poda."

Ndiyo niko hapa. Nimepakwa. Kwenye kioo kuna mtu mwenye mashavu mazuri ambaye simjui. Bi Jua amenivalisha koti lake, mikono mirefu, ameikunja mara mbili na kuibana kwa pini. Ameniambia nisitazame kioo kikubwa, nitazame taa nyekundu, na nisitabasamu, yeye mwenyewe ameacha kwa leo.

Dada hapatikani. Nimejaribu tena sasa hivi.

Mkuu amepita mlangoni, amesema nina dakika moja na nusu na hakuna mpira. Nahitaji sentensi ya kwanza. Nimeandika, "Kutokana na umbo la ardhi." Nimefuta. Nimeandika, "Ndugu watazamaji, kama mnavyofahamu." Hawafahamu, ndiyo shida yenyewe. Nimefuta.

Wananiita. Naandika nikiwa nimesimama studio, daftari juu ya meza ya Bi Jua. Kijana wa sauti ananibana kipaza kwenye kola, ananong'ona kwamba moyo wangu unasikika kwenye spika zake, nijaribu kupumua. Ramani ipo nyuma yangu, kijivu chote, hakuna aliyekitoa. Saa ya ukutani. Umeme wao bado uwepo, tafadhali, umeme tu. Mtu wa kuhesabu ameinua mkono. Ninayo sasa, ni fupi, si ya kitaalamu, wataniambia nini sijui—

Mama, inuka